Vizibo Kumi na Kimoja

Viwanja Sitini, Ifakara
22 Aprili 1996

Mdogo wangu Paulina,

Pokea salamu za dada yako, anayekuandikia huku vitumbua viko jikoni. Karatasi ikiwa na doa usidhani nimelia, ni mafuta. Huku hatujambo, isipokuwa mvua haitupi nafasi hata ya kuanika kanga moja ikakauka.

Sasa kaa vizuri. Si unamjua Gosbert, huyu mwenye kilabu cha pombe ninapouzia vitumbua vyangu? Ile cherehani ya marehemu mama, ambayo Dionisi mdogo wetu alimuuzia mwaka jana hata matanga hatujaanua, imemshinda. Mkewe hajui kushona, watoto wanaikanyaga pedeli kama gari, sasa anataka kuitoa. Lakini Gosbert huyu hawezi kutoa kitu bila watu kunywa pombe yake. Basi ametangaza mashindano ya karata, na atakayebaki wa mwisho anabeba cherehani.

Mchezo wenyewe ni karata tatu, aliuleta Kelestini dereva wa trekta, alijifunza Mlimba kwa watu wa reli. Unapewa karata tatu, unazificha. Kabla ya kupewa kila mtu anatia kizibo cha soda mezani, hicho cha meza, ukicheza usicheze kimekwenda. Ukiona karata zako hazifai unalala. Ukiona zinafaa unaongeza vizibo, na anayetaka kukufuata anatia sawa na wewe. Ukitia vyote ulivyo navyo, hiyo wanaiita kumwaga. Mbili za kufanana zinashinda ovyo, tatu za kufanana zinashinda mbili, na karata kubwa kuliko zote ni ree, ile ya alama moja. Ukiishiwa vizibo, inuka.

Watu kumi, kila mtu arobaini. Gosbert amevitoboa vyote kwa msumari asije mtu akaokota vyake njiani. Jumapili tatu, baada ya misa ya pili: tarehe tano na kumi na tisa Mei, na tarehe mbili Juni. Jumapili ikiisha, vizibo vyako vinafungwa kwenye kitambaa chenye jina lako mpaka siku nyingine. Na kila Jumapili cha meza kinaongezeka: kwanza kimoja, halafu viwili, ya mwisho vinne. Kiingilio debe la mpunga, na hilo nimeshalitoa mimi, usiulize.

Gosbert alisema mwanamke hachezi. Nikamwambia, basi na vitumbua vya mwanamke visiliwe hapa. Akapokea debe. Njoo, Paulina. Karata wewe ulitufunga sisi sote nyumbani.

Dada yako,
Domitila


Michenga
26 Aprili 1996

Shikamoo dada,

Barua nimeipata kwa Severini wa kambale, aliileta kifuani ndani ya shati na ilikuwa na joto lake. Nashukuru kwa debe.

Nitakuja. Nikueleze kwa nini, uelewe kwamba sifuati mchezo. Mume wangu Beatus tangu aende Mlimba ni miaka miwili na miezi minne, na sasa nimejua ana mji mwingine huko na mtoto ameshatembea. Mimi nalala kwa mama yake, nalima shamba la mama yake, na nikila wananitazama mkono. Nikiipata ile cherehani nitaondoka. Mkula, pale barabarani, kuna chumba kina baraza. Nguo za shule peke yake zinaweza kunilisha. Kushona ndiyo kazi pekee ninayoijua ambayo haina shemeji ndani yake.

Hilo la kuondoka liwe letu wawili mpaka nivune. Mama mkwe akijua sasa, ataninyima hata fungu langu la mpunga.

Mdogo wako,
Paulina


Michenga
9 Mei 1996

Shikamoo dada,

Nilifika Jumatatu, maji ya njiani yalinifika magotini. Tangu nifike niko dunguni nafukuza ndege kwenye mpunga, na kukaa kule juu kunampa mtu nafasi ya kufikiri. Jumapili yote nimeirudia kichwani.

Nilianza na arobaini, wamenifungia kumi na tisa kwenye kitambaa. Havikuliwa na karata mbaya. Vililiwa na karata nzuri nilizozichezea uoga. Unakumbuka nilipotia kumi na watu wakapiga kelele? Nilikuwa na wafalme wawili. Kelestini akaongeza, fundi baiskeli akaongeza juu yake, nikalala. Kumi vikaenda bure. Halafu Kelestini akafunua zake makusudi nizione: saba mbili. Akaniambia, "Pole mama, jikoni kuna joto."

Kosa langu ni kutia nusu. Mwenye vizibo vingi anaweza kutia kidogo, akakimbia, kesho akatia tena. Mimi wa kumi na tisa sina hicho kidogo. Na nikikaa tu kusubiri, cha meza kitanimaliza. Kwa hiyo tarehe kumi na tisa nitafanya hivi. Karata ovyo nalala bila kuhangaika. Nikipata ree mbili, au wafalme wawili, au tatu zozote za kufanana, namwaga vyote palepale. Mmoja lazima atanifuata, maana hawanijui, watasema huyu mwanamke amechoka anataka arudi nyumbani. Akinifuata vyangu vinakuwa mara mbili, na mwingine tena, mara nne. Pasipo mtu wa kunifuata, karata nzuri hazina faida yoyote.

Nimekuandikia wewe tu, kwa sababu nikilibeba peke yangu linanikosesha usingizi. Usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Paulina


Viwanja Sitini
14 Mei 1996

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeisoma, pale ulipobananisha maandishi nikamwita Agnella jirani anisaidie, maana mimi si unajua darasa la tatu liliniacha mlangoni. Agnella si mtu wa maneno. Alisema tu kwamba una akili kama mwanasheria.

Mambo ya huku: fundi baiskeli amegombana na mkewe, mke kalala kwao siku mbili, karudi na kuku. Hakuna anayejua huyo kuku ni wa kuomba msamaha au wa kuombwa. Dionisi kaonekana soko la mpunga, kavaa viatu vipya, nilimwita akajifanya haoni. Padre kasema wanaocheza karata Jumapili wasiache kutoa sadaka, watu wakacheka kanisani.

Kilabuni habari ni wewe. Wananiuliza, yule mdogo wako wa Michenga atarudi kweli na vizibo vyake vichache vya kuombea maji? Nikaona wanakudharau, ikaniuma. Nikawaambia, atarudi, na safari hii mtamtambua, huyo si mtu wa kutia nusu nusu tena. Kelestini akaninunulia vitumbua sita, hajawahi kununua zaidi ya viwili, akakaa nami mpaka nikamaliza kuuza. Kumbe ni mtu wa watu akikaa bila trekta. Tumeongea mengi, habari za mama, habari zako, za huko Michenga, nilicheka mpaka mbavu.

Njoo mapema Jumapili, nimekuwekea kambale.

Dada yako,
Domitila


Viwanja Sitini
21 Mei 1996

Mdogo wangu Paulina,

Uliondoka bila hata kunishika mkono, ukaniacha na sahani ya wali nimeshika. Najua ulikuwa na hasira ya mchezo, nami sikuifuata, lakini mtu hula.

Mimi lakini nilifurahi. Ngoja nikwambie nilivyoona kwa upande wangu, wewe ulikuwa unatazama karata hukuona watu. Ile mara ya kwanza ulipomwaga, vizibo vyote kumi na tano vilivyokuwa vimebaki, vikalia mezani, tuliosimama nyuma yako tuliona ree mbili zinang'aa. Nikasema moyoni, leo kuna mtu analia. Na wenzako walikuwa na karata, usifikiri. Fundi baiskeli alikuwa na malkia wawili, alinionyesha baadaye. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kusukuma vizibo. Ndipo Kelestini akasema taratibu, bila kumwangalia mtu, "Laleni jamani. Huyu hamwagi bila ree au mfalme." Wote saba wakalala. Ukaokota vile vya meza tu.

Na ya pili vilevile, ulipokuwa na wale wafalme watatu ambao Gosbert anasema hajapata kuwaona tangu azaliwe. Wafalme watatu, halafu watu wanalala kama wameambiwa kuna nyoka. Nilicheka, nisamehe, nilicheka. Walikuogopa, Paulina. Wanaume saba. Mama angeona.

Kelestini aliponipita akaniambia asante kwa taarifa, shemeji. Nikamjibu, mimi nilikwambia kwa kumsifu tu, kwamba mdogo wangu hachezi ovyo, anangoja zake nzuri ndipo amwage, sasa wewe ukaona ni taarifa. Akacheka. Ni mtu wa mzaha sana.

Kwa hiyo umebaki na kumi na kimoja, si haba. Wamebaki watu watano, na wewe ndani. Lakini cha meza kitakuwa vinne. Hapo sijui utafanyaje.

Dada yako,
Domitila


Michenga
25 Mei 1996

Shikamoo dada,

Samahani kwa wali.

Huku kuna jambo limetokea. Mama mkwe amejua habari ya Mkula. Hakugomba. Aliniita Jumatano jioni wakati napeta, akaniambia fungu langu la mpunga mwaka huu nisilihesabu, maana mwenye chumba barabarani haoni njaa. Akaniambia nikimaliza kufukuza ndege niende, nisingoje mavuno. Nilimuuliza amesikia wapi. Akasema mjini wanajua wote, hata dereva wa trekta aliyeleta mzigo kwa jirani anajua. Sijui nani alimpelekea.

Kwa hiyo mavuno sina. Nimebaki na vile vizibo kumi na kimoja.

Nakuandikia jambo jingine, na hili dada nakuomba kuliko yote. Nimechukua rozari ya mama nikaapa. Kwa kuwa vimebaki vichache, sitamwaga kwa mfalme tena, wala kwa tatu za kufanana kama si ree. Nitamwaga nikiwa na ree mbili mkononi, au tatu. Pasipo hizo nitalala mpaka meza inimalize, nirudi nikatafute pa kwenda. Kiapo cha rozari ya marehemu sikivunji, unanijua.

Asijue mtu. Hasa Kelestini asijue.

Mdogo wako,
Paulina


Viwanja Sitini
28 Mei 1996

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole sana. Yaani watu wana midomo. Mimi sielewi mtu anapata faida gani kubeba jambo la mwenzie mpaka Michenga. Ningemjua ningemmwagia mafuta ya vitumbua. Na huyo mama mkwe wako namjua, tangu harusini alikuwa anahesabu vipande vya nyama kwenye sahani za watu.

Hilo la rozari limenishtua. Agnella aliponisomea alijipiga ishara ya msalaba. Mimi kaburi, usiwe na shaka. Alisikia Agnella tu, na Severini naye alikuwepo amekaa anangoja majibu, ila yule ni mtu wa samaki, hajali.

Ila Paulina, mbona umejifunga hivyo? Ree mbili zinaweza zisije siku nzima. Ungeacha japo wafalme. Nilikuwa namwambia mtu mmoja jana, sikutaja jina lako, nikasema kuna mtu kaapa kitu kigumu kwa marehemu, je, hawezi kumwendea padre akafunguliwa? Akaniuliza ni kitu gani, nikasema cha karata. Akasema hilo padre hana la kufanya.

Jumapili nitavaa kile kitenge cha njano nikae nyuma yako.

Dada yako,
Domitila


Viwanja Sitini
5 Juni 1996

Paulina mdogo wangu, mshindi,

Mpaka leo sauti haijanirudia, naongea kama chura. Viwanja Sitini nzima hakuna anayeniita Domitila tena, naitwa dada wa cherehani. Nimeuza vitumbua mpaka unga umekwisha.

Sasa mimi nataka kujua ulimwomba mtakatifu gani. Kumwaga ile ya kwanza, na vizibo vyako saba, nikasema mama kaleta ree. Wakalala wote wanne, na vile ambavyo walishatia kabla yako wakaviacha mezani. Ukalala moja, ukamwaga tena. Wakalala. Fundi baiskeli akasema hizi ree anazitoa wapi, Kelestini akamjibu kwa hasira, "Kaapa kwa rozari ya mama yake, wewe unataka umfuate uende wapi?" Na mimi nilisimama nyuma yako siku ile, lakini karata ulizibana kifuani hata sikuona kona. Hukutaka nione. Nikasema sawa, ana wasiwasi.

Wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Nani alishaona ree mbili mara kumi na nne kwa siku moja? Gosbert akaomba kuhesabu pakiti, akakuta zipo sawa, ree nne na zote za kwake. Mpaka mkabaki wewe na Kelestini, na yeye ana rundo. Nikajua sasa atakufuata. Hakukufuata. Kila ukimwaga analala, kila akilala meza inamla vinne pamoja na alivyokwisha tia, nikaliona lile rundo linapungua kama sabuni. Nilimhurumia, Paulina, uso ulimvimba. Mwisho akabaki na nane, akamwaga kwa kukata tamaa, wewe ukamfuata bila kufikiri, ukafunua saba mbili, yeye hana kitu. Saba mbili, zilezile alizokuonyesha yeye. Kilabu kizima kilisimama.

Ila mbona hukupita kwangu? Nilitangulia nyumbani nikatandika kitanda, nikachinja jogoo. Nikangoja. Naambiwa Severini alifunga cherehani nyuma ya baiskeli mpaka barabarani, huko ikapakiwa pamoja na meza yake kwenye lori la mpunga, ukaondoka nalo moja kwa moja barabara ya Mkula. Jogoo tumekula na Agnella. Niandikie umefika vipi. Na nikuletee kitambaa cha gauni la ubatizo wa mjukuu wangu, uanze na mimi.

Dada yako anayekupenda,
Domitila


Mkula
20 Juni 1996

Dada Domitila,

Shikamoo. Nimefika, chumba nimepata, baraza lina jua asubuhi. Nimeshashona sare kumi na moja. Barua hii msomee Agnella ukipenda, msomee na Kelestini, sina tena ndani yake kitu cha kuwaficha.

Umeniuliza niliomba mtakatifu gani. Sikuomba. Mara ya kwanza niliyomwaga nilikuwa na mbili, tano na nane. Ya pili nilikuwa na nne, sita na malkia. Kati ya mara kumi na nne, ree niliishika mara moja, moja tu, na hata hiyo haikuwa na mwenzake. Nilimwaga takataka siku nzima na wanaume wakawa wanalala na karata zao nzuri mkononi.

Rozari sikuapia. Imo sandukuni, sikuigusa. Niliandika hivyo kwa sababu nilijua ukisikia rozari hutaweza kukaa nayo mpaka Jumapili.

Uliponiandikia alichosema Kelestini tarehe kumi na tisa, nilikaa dunguni nikaisoma, ndege wakashuka kwenye mpunga na sikuinuka. Nilishika wafalme watatu, dada. Mtu anaweza kuishi asiwapate. Angenifuata mtu mmoja tu siku ile, ningesonga mbele kwa halali; na ungelifunga mdomoni lile la Mkula, mama mkwe asingesikia lolote, na leo ningekuwa na magunia yangu. Wewe ukacheka. Ukaniandikia kwamba ulicheka.

Sikuandika kukugombeza kwa sababu niliona ukigombezwa utanyamaza wiki moja, na mimi wiki hiyo nilikuhitaji uongee. Mtu mwenye vizibo kumi na kimoja, asiyefuatwa na mtu kwa sababu wote wanaamini anazo nzuri, hahitaji kuwa nazo. Anahitaji tu waendelee kuamini. Nilihitaji mtu wa kwenda kuwaambia. Nikakuchukua wewe. Ulifanya kazi vizuri, Severini aliniambia kwamba Ijumaa hata watoto wa shule walikuwa wanajua habari ya kiapo.

Nilidhani nikishinda nitafurahi. Nilipoisikia cherehani inalia kwenye lori nilikuwa nafikiri jinsi ulivyosimama nyuma yangu na kitenge cha njano, ukijaribu kuchungulia, na mimi nikibana karata kifuani nisije nikaonwa na dada yangu mwenyewe. Ndiyo maana sikupita. Kitanda ulichotandika nisingeweza kukilalia, kwa aibu yangu na kwa hasira yangu, zote mbili.

Kuna wakati nakanyaga pedeli nikimlaumu mama. Angeacha neno moja tu, kwamba hii ni ya nani, Dionisi asingethubutu kuiuza, na mimi nisingekwenda kukaa kilabuni kushindania kitu cha nyumbani kwetu kwa vifuniko vya soda. Lakini aliondoka kimya.

Gauni la mjukuu mpe Severini, nitalishona. Utaletewa. Usije mwenyewe kwanza. Na barua nitakuandikia za salamu, za mvua na za bei ya mpunga. Za moyoni sitakuandikia tena.

Paulina


Viwanja Sitini
30 Juni 1996

Paulina,

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Imenichukua siku tatu. Agnella sikumwita.

Kelestini jana aliniuliza mdogo wako anasemaje, bado anaota ree? Nikamwambia anasema Mkula kuna jua. Akangoja niendelee. Nikaanza kufunga vitumbua.

Sina cha kujitetea, mambo yote uliyoandika ni ya kweli, niliongea. Nikiwa na jambo mdomoni nasikia kama nimeshika kaa la moto. Mama alikuwa ananijua. Nilipokuwa mdogo akitaka jirani ajue kitu bila kwenda mwenyewe, ananiambia mimi kwa siri.

Na siku ile ya mwisho, Alhamisi, wewe ulikuwa bado njiani kutoka Michenga, maji yalikuwa yamekata barabara. Dionisi alikuwa nje. Mama akanishika hapa kwenye kiwiko. Akasema, "Cherehani ni ya Paulina. Waambie wote." Akasema mara mbili, akanitazama mpaka nikajibu nimesikia. Nadhani alinichagua mimi kwa makusudi, kwa sababu alijua kufika jioni mji mzima utakuwa na habari.

Mimi ndiye mkubwa, Paulina. Miaka yote ile alikukalisha wewe kwenye ile meza, mimi akaniambia kachote maji. Nikasema nitasema kesho. Kesho ukaja, ukaanguka juu yake unalia, nikasema nitasema baada ya mazishi. Halafu Dionisi akaja na Gosbert, wakahitaji mtu wa kushika upande wa pili wa meza mlangoni, nikaushika.

Mwaka mzima na hili. Kilabuni kila siku, watu wamenizunguka, na sikumwambia mtu.

Gauni sijamtuma Severini nalo.

Domitila